Tathmini ya huduma ya kutafuta ukoo mjini Kigoma, kwa sisi wa nasaba ya wafinyanzi

Ukoo wa wakulima hutafutwa kwa kufuata mashamba na makaburi, lakini ukoo wa watu waliofinyanga vyungu na kuvitembeza kichwani soko hadi soko hauna pa kuanzia palipo wazi, na mara nyingi anayelipwa kuutafuta hurudi na majina machache ya wanaume tu. Huduma niliyoitumia mimi inaendeshwa na watafiti wawili wenye ofisi ndogo eneo la Mwanga. Malipo yalikuwa shilingi 250,000, nauli mbali, nami naona yalistahili.

Kilichowatofautisha ni maswali yao. Walianza upande wa bibi, kwa kuwa kwetu waliofinyanga walikuwa wanawake, na kabla ya kuuliza mababu waliishi wapi waliuliza udongo ulichimbwa wapi, vyungu viliuzwa wapi, na msafara ulirudi na nini. Shangazi yangu alijibu bila kusita kwamba walirudi na chumvi, na jibu hilo likaelekeza kazi yote Uvinza. Huko Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi, karibu na mito Malagarasi na Ruchugi, watu walipika chumvi kwa vyungu kwa zaidi ya miaka 1,000, jambo lililothibitishwa na uchimbaji wa wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts mwaka 1967. Chungu kinachochemshiwa maji ya chumvi hakidumu, kwa maana chumvi hupenya kwenye udongo na kuupasua, hivyo palipopikwa chumvi hapakukosa mnunuzi wa chungu kipya. Sikuwahi kuelezwa hivyo nyumbani, ingawa habari za chumvi tulizisikia tangu utotoni.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni walivyotumia vitabu vya ubatizo. Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki lijulikanalo pia kama White Fathers, walifika Ujiji mwaka 1879, na parokia za Kikatoliki zina utaratibu wa kuandika jina la mbatizwa, wazazi wake na msimamizi wake, kisha ndoa yake huongezwa pembeni hata kama imefungwa parokia nyingine. Kwa mkulima asiyehama, nyongeza hiyo ya pembeni haina uzito mkubwa, ila kwa ukoo wa wachuuzi ndiyo njia yenyewe, kwa kuwa inaonyesha binti aliyebatizwa upande wa Kasulu akiolewa karibu na ziwa, na msimamizi wake akiwa mtu wa kijiji ambacho familia ilikuwa ikilala wakati wa safari. Kwa njia hiyo walimpata dada wa bibi mzaa bibi yangu, ambaye hakuna aliyekuwa anamtaja tena.

Walinipeleka pia kwa bibi mmoja mfinyanzi ambaye bado anafanya kazi, tukiwa na vigae vya vyungu vilivyookotwa kwenye mahame ya kijiji chetu cha kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Alikipangusa kigae kwa kanga, akapitisha ukucha kwenye mistari iliyo chini ya mdomo wa chungu, akasema, “Mjukuu wangu, hapa aliviringisha kamba iliyosokotwa, udongo ungali mbichi. Na mkono huu ulikuwa na haraka.” Kisha akachukua chungu chake kipya, akakigonga kwa konzi na kunitaka nisikilize mlio, kwani chenye ufa husema kabla jicho halijauona. Watafiti walirekodi mazungumzo yote kwa Kiha, na nakala ya sauti ni yangu.

Ripoti yenyewe imeandikwa kwa uaminifu. Kila habari imewekewa alama ya kuonyesha kama imesomwa kwenye maandishi, imesimuliwa na mzee, au ni makisio ya watafiti. Siafiki jambo moja, nalo ni kauli kwamba reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ndiyo iliyomaliza biashara ya vyungu. Bibi yangu aliuza mitungi miaka mingi baada ya hapo, na wazee wetu husema ni sufuria na ndoo za plastiki zilizowatoa sokoni. Tafsiri ya Kiswahili nayo imelainishwa mno, kiasi kwamba wazee wanasikika kama wanasoma taarifa ya habari, na majina ya aina za vyungu, ambayo shangazi aliyataja moja moja kwa Kiha, yote yamegeuka “chungu”. Nimeomba yarudishwe, wamekubali, ingawa ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo.

Kupekua mafaili ya wakati wa Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza, vilivyoko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, hakumo katika bei hii.

Anayetaka kuwatumia aende kiangazi, wazee wakiwa hawapo mashambani, akiwa na majina ya bibi zake wa pande zote mbili na ya masoko yoyote anayoyakumbuka. Na katika makubaliano aandikishe kwamba anataka maneno ya Kiha yabaki kando ya tafsiri.