Libsodium na funguo za tiketi za boti: uzoefu wangu hapa Amu

Nimekaa na hii laibrari ya libsodium, yaani kodi iliyo tayari ya kufunga siri na kupiga saini za kidijitali, mwaka na nusu sasa, kila siku inapiga saini tiketi za boti za ami yangu kati ya Mokowe na Amu (Lamu), na nimeona niandike manake nilipokuwa natafuta mtu anielezee kwa Kiswahili habari ya funguo hasa, sikumpata. Hesabu zake sizigusi sana, wanaozijua wameshazikagua. Mimi nataka kusema juu ya funguo zenyewe, kuzitengeneza, kuziweka, kuzigawa, kuzibadilisha, kwa sababu hapo ndo kazi ilipo na hapo ndo nilipoumia.

Hali yetu iko hivi. Basi za Mombasa zinaishia Mokowe, abiria anashuka na mizigo yake anavuka kwa boti mpaka Amu, wengine wanakwenda Shela, wengine wanatoka uwanja wa ndege kule Manda. Mtu anakata tiketi ofisini au kwa simu, anapewa msimbo wa QR, baharia pale jeti, yaani gatini, anauskani na simu yake ajue ni ya kweli ama sio. Na mtandao pale jeti una siku zake, huwezi kumsimamisha mama na mtoto mgongoni jua la saa saba eti ngoja intaneti irudi, kwa hivo simu ya baharia lazima iamue yenyewe papo hapo.

Mwanzo niliweka siri moja tu, iko ofisini na iko ndani ya kila simu, tiketi inapigwa alama kwa siri hiyo na simu inakagua kwa siri hiyo hiyo. Ilikwenda vizuri mpaka simu moja ikapotea. Hapo nikakosa usingizi wallahi, manake simu yenye siri ile haikagui tu, inaweza pia kutengeneza tiketi mpya, na aliyeiokota tukitaka kumzuia ni lazima tubadilishe siri kwenye simu zote. Ndo nikahamia funguo za jozi. Ufunguo wa siri unabaki ofisini unapiga saini, ufunguo wa wazi unakaa kwenye simu na kazi yake ni kukagua peke yake, hauwezi kuzaa saini hata ukiubana vipi. Simu ikiibiwa leo mwizi amepata kitu ambacho ningeweza kukibandika ukutani Mkunguni, pale uwanjani katikati ya mji, na kisilete madhara yoyote.

Ami akaniuliza, "Mwanangu, sasa huo ni ufunguo gani unaogawiwa watu wote?" Nikamwambia ami, chukulia muhuri wa kadhi, kila mtu akiuona kwenye karatasi anaujua, lakini mwenye kuupiga ni mmoja. Akanyamaza kidogo akasema hapo nimefahamu, na toka siku ile ufunguo wa siri kwake yeye ni "muhuri", na mimi mwenyewe nimeshazoea kuuita hivo.

Sikuanza na libsodium lakini. Nilianza na RSA, aina ya zamani ya funguo za jozi, ambayo ni ya 1977, mwaka mmoja tu baada ya Whitfield Diffie na Martin Hellman kuchapisha wazo lenyewe la ufunguo wa wazi, na nikaitumia kupitia laibrari nyingine ambayo kila hatua inakuuliza swali. Biti ngapi? Padingi ipi? Faili la umbo gani? Nilitengeneza ufunguo kwenye laptopu, ukakataa kusomeka kwenye seva, nimehangaika siku tatu, kumbe faili langu linaanza na BEGIN RSA PRIVATE KEY na upande wa pili ulikuwa unataka BEGIN PRIVATE KEY. Ufunguo ni ule ule, namba ni zile zile, lakini umefungashwa kwa mitindo miwili tofauti, mmoja PKCS#1 mwingine PKCS#8, na ujumbe wa kosa haukuniambia hata nusu ya hayo.

Halafu ukubwa. Saini ya RSA ya biti 2048 ni baiti 256, ukiiandika kwa base64, njia ya kugeuza baiti kuwa herufi za kawaida, inakuwa herufi 344, hapo bado hujaweka jina la abiria wala saa ya boti. Msimbo wa QR ukawa umesongamana vidoti vidogo vidogo, na simu za mabaharia kamera zake zimeshapigwa na chumvi, unaona mtu anaisogeza mbele anairudisha nyuma, foleni inarefuka, boti imeshajaa maneno. Ed25519, aina ya saini inayotumiwa na libsodium, saini yake ni baiti 64, herufi 88 basi. Siku nilipobadilisha, QR ikawa na madoa makubwa yanayoonekana hata kwenye simu ya kioo kilichopasuka. Hilo peke yake lilinitosha kuhama.

Libsodium ilianza 2013, aliyeianzisha ni Frank Denis, kwa kuchukua NaCl, laibrari ya kabla yake ya Daniel J. Bernstein, Tanja Lange na Peter Schwabe na kuifanya iwe rahisi kusakinishwa kila mahali. Ninachokipenda ni kwamba haikuulizi. Unataka jozi ya funguo za saini, unaita kitu kimoja, unapewa mbili, ufunguo wa wazi ni baiti 32 siku zote, hakuna kuchagua ukubwa, hakuna padingi. Kwenye seva natumia PyNaCl, njia ya kuiita libsodium kutoka lugha ya Python, kwa sababu mimi ni mtu wa Python, kwenye simu za Android ni libsodium hiyo hiyo chini yake. Na jambo lingine ambalo halionekani lakini linanituliza sana, Ed25519 haihitaji namba ya bahati nasibu wakati wa kupiga saini. Kuna aina nyingine za saini ambazo kila saini inataka namba mpya ya siri, namba ikijirudia ufunguo wako unakokotolewa, na ndo ilivyokuwa kwa PlayStation 3, ile mashine ya michezo ya Sony, mwisho wa 2010 watu walionyesha kwamba namba ile ilikuwa moja tu muda wote na ufunguo wa siri ukatoka. Kompyuta yetu ya ofisini inazimika stima ikipotea na inawaka tena ikipenda, sitaki usalama wangu utegemee bahati nzuri ya mashine hiyo kila inapokata tiketi.

Kuna mtego mmoja nawaambia mapema usiwale muda kama ulivyonila. Ukiitumia libsodium moja kwa moja ufunguo wa siri wa saini ni baiti 64. Ukiitumia kupitia PyNaCl, ukiuhifadhi SigningKey unapata baiti 32. Nilidhani faili limekatika njiani. Halijakatika, zile 32 ndo mbegu, yaani baiti ambazo ufunguo mzima unakuzwa kutoka kwazo, na zile 64 ni mbegu pamoja na ufunguo wa wazi umegandishwa nyuma yake. Hifadhi mbegu tu, upande mwingine uikuze upya kwa crypto_sign_seed_keypair, na uandike pembeni kwa herufi kubwa kwamba hii ni mbegu.

Sasa nije kwenye kile ambacho laibrari haikufanyii. Inakupa baiti tupu, imemaliza. Haina faili lake la ufunguo, haikuombi paswadi, haijui tarehe ya mwisho, haina vyeti, ufunguo hauna hata jina. Mimi mwanzo nililiona hilo kuwa ni wepesi, nikaziweka zile baiti 32 kwenye faili ndani ya laptopu yangu na ufunguo wa wazi nikauandika ndani ya apu yenyewe, nikaendelea na mambo mengine.

Ikaja kusi. Navuka kutoka Mokowe, bahari imechafuka, wimbi likaingia ndani ya boti likalowesha mkoba mzima. Laptopu haikuwaka tena. Programu zote nilikuwa na bakapu yake, orodha za abiria ninayo, kila kitu ninacho isipokuwa baiti 32. Hakuna mtu wa kumpigia, hakuna ofisi inayoweza kukurudishia, ule ufunguo umekwenda na hakuna njia duniani ya kuutoa kwenye ufunguo wa wazi, na ndo maana yake yenyewe. Kutengeneza muhuri mpya ilikuwa chini ya sekunde. Lakini simu zote kumi na moja zilikuwa zinautambua ule wa zamani peke yake, na ule wa zamani umo ndani ya apu, kwa hivo ikabidi nizizunguke moja moja, jeti ya Amu, Mokowe, Manda, Shela, baharia mmoja ameshakwenda kwao Matondoni na simu yake mfukoni nikamfuata huko huko. Siku mbili tulikata tiketi za karatasi. Ami hakunikaripia, alikaa tu pale mlangoni akihesabu vipande vya karatasi kwa mkono, na hilo liliniuma zaidi.

Toka hapo nimepanga hivi. Kila tiketi ina baiti moja mwanzo kabisa inayosema imepigwa na muhuri nambari ngapi. Kila simu ina funguo za wazi mbili, wa sasa na wa kesho, ule wa kesho umeshatengenezwa na ufunguo wake wa siri haujawahi kugusa kompyuta yenye intaneti. Ukitokea msiba leo tunahamia wa kesho bila kumfuata mtu Matondoni. Ufunguo wa siri nimeufunga kwa paswadi, libsodium inayo Argon2id ya kugeuza paswadi kuwa ufunguo na secretbox ya kufungia, ni mistari michache lakini ni lazima uiandike wewe, haiji yenyewe. Faili lina ruhusa 600, yaani mwenyewe tu ndo anaweza kulisoma na kuliandika. Nakala mbili ziko kwenye flashi mbili, nyumba mbili tofauti, na paswadi imeandikwa karatasi iko mahali pa tatu. Matokeo yake stima ikikatika usiku, alfajiri lazima mtu aandike paswadi kabla ya boti ya kwanza, na mtu huyo ni dada yangu anayefungua ofisi. Tulijadili sana kama tumwondolee usumbufu huo. Mimi nimekataa, manake ufunguo unaojifungua wenyewe kompyuta ikiwaka ni ufunguo wa yeyote atakayeibeba ile kompyuta.

Kugawa ufunguo wa wazi nako kuna adabu yake. Sio siri, ni kweli, lakini simu ikipewa ufunguo wa wazi wa mtu mwingine itazikubali tiketi za mtu huyo. Kwa hivo simu mpya nauweka ufunguo kwa mkono wangu, kisha mimi na baharia tunasomeana herufi nane za mwanzo za hashi yake, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye ufunguo, na nane za mwisho.

Tuna na orodha ya abiria pia, majina na namba za vitambulisho, inakusanywa kwenye simu pale jeti na kupelekwa ofisini mtandao ukipatikana. Tangu sheria ya kulinda data ya 2019 hili si jambo la kuacha wazi kwenye simu. Hapo natumia SealedBox, sanduku la kufungia la libsodium, simu inafunga orodha kwa ufunguo wa wazi wa ofisi, inaongezeka baiti 48 tu, na ikishafunga hata hiyo simu yenyewe haiwezi kufungua. Ni kitu kizuri mno. Angalia tu kwamba jozi hii ni ya X25519, aina ya funguo za kufungia, sio ile ya saini. Libsodium inaweza kugeuza ufunguo wa saini ukawa wa kufungia, lakini maelezo yake wenyewe yanashauri utenganishe ukiweza, nami nimetenganisha, jozi mbili, faili mbili, majina mawili.

Kitu kimoja watu wananiuliza sana, je mtu akipiga picha tiketi ya mwenziwe? Saini itakubali, kwa sababu tiketi ni ya kweli. Simu inaandika namba za tiketi ilizokwisha kuziona, na simu mbili za jeti moja zinapashana habari kwa Bluetooth. Hiyo sio kazi ya laibrari na sijaidai.

Nyota naipa nne kwa tano. Ile moja nimeibakisha kwa sababu ya kuhifadhi, ningependa ije na faili moja la kawaida la ufunguo lenye paswadi ndani, ili mtu anayeanza asifanye nilivyofanya mimi. Na ukihitaji RSA au vyeti vya tovuti usije huku, havimo.

Wiki iliyopita tumehama kutoka muhuri nambari 2 kwenda nambari 3, kwa kupanga, bila msiba. Nilibadilisha saa nne usiku boti zote zimefungwa, asubuhi saa kumi na mbili tiketi ya kwanza ya nambari 3 ikaskaniwa Mokowe, mtandao hakuna, simu ikaonyesha kijani. Ami akauliza, "Muhuri mpya huo?" Nikamwambia ndio ami. Akamwambia nahodha atoe kamba.