Saruji ya 32.5 na ya 42.5: tathmini yangu baada ya kujenga Kange

Nilipoanza kujenga nyumba ya vyumba vitatu Kange, hapa Tanga, nilidhani kuchagua saruji ni kuchagua mnyama: Simba, Twiga, Nyati au Tembo, kwa kuwa ndivyo tunavyoziagiza dukani. Fundi wangu naye hakunisaidia sana. "Mama, simenti ni simenti," alinijibu nilipomuuliza, "cha muhimu isiwe na mabonge." Nusu ya jibu lake ilikuwa kweli, na nitaifikia, nusu ya pili ilinigharimu lipu ya sebule nzima.

Kinachotofautisha mifuko ni namba iliyochapwa chini ya jina, ambayo wengi wetu hatuisomi. Namba 32.5 na 42.5 ni nguvu ya chini kabisa ambayo mchanganyiko wa saruji hiyo, mchanga maalumu na maji unatakiwa kuifikia maabara baada ya siku 28, kwa kipimo cha nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Kwa lugha ya mizani, 42.5 ni kubeba kilo nne na ushei juu ya kila milimita ya mraba, na 32.5 ni kilo tatu na ushei. Hiyo si nguvu ya zege lako, kwa maana zege la mtaani, lenye kokoto, maji ya kukisia na karai lisilojaa sawasawa, huwa chini zaidi. Lakini huwezi kupata kwenye nguzo kitu ambacho hakikuwamo mfukoni.

Baada ya namba hufuata herufi, N au R, na hapa ndipo mafundi wengi wanapochanganya mambo. R ni saruji inayowahi kupata nguvu, N ni ya mwendo wa kawaida. Saruji ya 32.5R inatakiwa ifikishe nyutoni 10 katika siku mbili za mwanzo, sawasawa kabisa na 42.5N, kwa hiyo anayegonga zege keshokutwa yake akasikia limeshika ataapa kwamba zote ni mamoja. Tofauti yao huonekana baadaye, ambapo ya kwanza hailazimiki kuvuka 32.5 na ya pili lazima ifike 42.5. Kuwahi ni jambo moja na kufika mbali ni jambo jingine, ingawa kwa fundi anayetaka kuvua mbao mapema ahamie kwa mteja mwingine, tofauti hiyo haina maana.

Kwa nguzo, rinta (boriti za juu ya milango na madirisha), mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta na mnara wa tenki nilitumia 42.5N, na sijutii hata shilingi moja niliyoongeza. Tenki la lita 2,000 likijaa ni tani mbili za maji zimekaa juu ya nguzo nne nyembamba, na hapo si mahali pa kubana matumizi. Uwiano ulikuwa 1:2:4, yaani saruji karai moja, mchanga mawili na kokoto manne. Ugomvi ulikuwa kwenye maji. Vijana waliokuwa wakichanganya kwa beleshi walizoea kumimina ndoo mbili na nusu kwa mfuko, kwa sababu zege jepesi halichoshi mikono na linateremka lenyewe katikati ya nondo. Kipimo nilichokisimamia kilikuwa ndoo moja na nusu ya lita 20, yaani lita 30 kwa mfuko wa kilo 50, tena pungufu kidogo mchanga ukiwa umenyeshewa. Maji ya ziada yakishakauka huacha vitundu ndani ya zege, na ukiyazidisha kiasi kile utakuwa umelipia saruji ya 42.5 kwa raha ya kuigeuza kuwa dhaifu kuliko 32.5 iliyochanganywa kwa adabu. Nilisimama pale na ndoo yangu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Waliniita mama mkaguzi, nami nikaitikia.

Kosa langu lilikuwa kwenye lipu. Baada ya kuridhika na nguzo nilijiambia kwamba kizuri kwa nguzo ni kizuri kwa kila kitu, nikaagiza 42.5R kwa ajili ya sebule. Lipu ilishika haraka kuliko fundi alivyoweza kuisawazisha, upepo wa kaskazi ulikuwa unapita moja kwa moja madirishani, na baada ya siku chache ukuta ulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, zimesambaa mfano wa ramani ya mito. Saruji haikuwa mbovu. Ilikuwa kali kupita kazi niliyoipa. Lipu haibebi paa. Inachohitaji ni kulainika, kushika taratibu na kukubali kunyoosheka, na vyumba vitatu vilivyobaki nilivyopiga kwa 32.5N, tukimwagilia ukuta asubuhi na jioni kwa wiki nzima, havina ufa mpaka leo. Wazee wa pwani yetu walipaka chokaa ya matumbawe, laini kuliko saruji yoyote, na mabaki ya kuta zao bado unayaona Tongoni.

Sasa nirudi kwenye mabonge. Duka moja la vifaa vya ujenzi, ambalo sitalitaja, liliniletea mifuko iliyokuwa imepangwa kwenye sakafu tupu, ikiegemea ukuta, masika imeshaanza. Saruji hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha kuinywesha bila tone la mvua kuigusa. Tangu siku hiyo sipokei mzigo kabla sijafungua mfuko mmoja. Naingiza mkono mpaka kwenye kifundo: saruji nzima huhisi baridi na hupita vidoleni laini kama unga wa ngano. Bonge linalosagika kwa vidole viwili halinitishi, maana ni uzito wa mifuko ya juu tu. Bonge gumu kama kipande cha kokoto linarudi na gari lililoleta. Natazama pia tarehe ya kutengenezwa, na mfuko uliopita miezi mitatu siuchukui hata kwa bei ya hisani. Mwenye duka alilalamika kwamba nimemharibia mfuko, kisha akaibadilisha yote.

Kuhusu jina, kwa mtu wa Tanga Simba ina faida moja iliyo wazi: inatengenezwa Pongwe, jirani kabisa, kwa jiwe la chokaa la ardhi yetu hii hii iliyotupa mapango ya Amboni. Mzigo wa karibu una nafasi kubwa ya kukufikia ukiwa mpya na nauli yake ni ndogo. Zaidi ya hapo sioni sababu ya kugombana kwa ajili ya mnyama, mradi mfuko una alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na namba inayolingana na kazi.

Jambo linalostahili ugomvi huku pwani ni chumvi. Mchanga wa ufukweni, hata ukiuzwa nusu bei, hubeba chumvi inayokula nondo kutoka ndani, na hakuna namba ya saruji inayotibu hilo. Wapo pia wanaoidharau saruji iliyochanganywa na pozolana, ambayo ni majivu ya volkano, kwa kuwa inachelewa kupata nguvu. Inachelewa kweli, lakini ikimwagiliwa vya kutosha hujibana zaidi na kuzuia chumvi kupenya, na kwa msingi ulio karibu na bahari naiona kuwa chaguo zuri kuliko sifa inazopewa madukani. Uzio wangu, nitakaouanza mvua zikikatika, utakuwa na msingi wa saruji hiyo, nguzo za 42.5N na lipu ya 32.5N, na fundi ameshaambiwa alete ndoo yenye alama ya lita.