Jeki, stendi na pikapu isiyo na chesisi: uchambuzi kutoka Kiamunyi, Nakuru

Hamjambo watazamaji, na karibuni tena uani kwangu hapa Kiamunyi. Leo nimepanga vitu vitatu sakafuni: jeki ya troli, yaani ile ya magurudumu, ya tani mbili na nusu, jozi ya stendi za meno (stendi ndizo hubeba gari likishainuliwa) ambazo kibandiko chake kinasema tani tatu, na jozi nyingine ya stendi za pini ambazo nilichomelewa na fundi wa jua kali. Nyuma yangu limesimama gari litakaloamua kesi yao, nalo ni Nissan NP200, pikapu ndogo ya milango miwili iliyoundwa Rosslyn, Afrika Kusini, kuanzia mwaka 2008 hadi 2024. Sikuchagua gari hili kwa sababu ya mapenzi tu, ingawa mapenzi yapo. Nimelichagua kwa sababu halina chesisi, yaani fremu ya chuma iliyo peke yake chini ya bodi, na gari lisilo na chesisi huzifichua jeki na stendi mbovu upesi kuliko gari lolote lingine.

Wengi wenu mmezoea Hilux, ambayo chini yake kuna boriti mbili nene za chuma zilizolala kutoka mbele hadi nyuma, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Ukilala chini ya Hilux na kutafuta pahali pa kuweka stendi, karibu popote kwenye boriti hizo patakubeba. NP200 imejengwa juu ya muundo wa Dacia Logan, ambayo ni gari la abiria, na mifupa yake ni bodi yenyewe: mabati yaliyokunjwa, yakapandanishwa na kuchomelewa hadi yakawa kitu kimoja. Msije mkadhani kwamba ni gari dhaifu, kwa maana huruhusiwa kubeba hadi kilo 800 za mzigo. Ila nguvu hiyo imegawanywa katika bodi nzima, na kati ya sehemu zilizoimarishwa kuna bati jembamba ambalo ukilisukuma kwa kichwa cha jeki litabonyea kama sufuria iliyoangushwa.

Najua kuna wanaotazama video za Marekani kuhusu Honda Ridgeline, Ford Maverick na Hyundai Santa Cruz, kisha wananiuliza kama maelezo yale yanatufaa. Magari hayo hutengenezwa na usukani wa kushoto, kwa hiyo ni nadra kuyaona barabarani kwetu, lakini nayo ni pikapu zisizo na chesisi ya kujitegemea, na kanuni ya kuyainua ni hii hii.

Sogeza kamera hapa chini ya mlango, tafadhali. Huu ukingo unaoning'inia ni mshono, yaani pahali ambapo mabati mawili yamekutana na kuchomelewa. Katika magari mengi ya aina hii utaona alama mbili ndogo kama pengo, na kati ya alama hizo mbili chuma kimeongezwa unene kwa ndani. Hapo ndipo mtengenezaji anapokuruhusu kuinua, na zipo sehemu nne pekee: mbili nyuma ya magurudumu ya mbele na mbili mbele ya magurudumu ya nyuma. Kitabu cha gari lako kitakuonyesha zako, na kama hukupewa kitabu ulipolinunua gari, kitafute kabla hujanunua jeki. Sehemu yenyewe haizidi upana wa kiganja.

Ugumu wa gari hili umo katika kiganja hicho. Ukiweka jeki hapo, stendi itakaa wapi? Jeki na stendi zote mbili hudai kiti kimoja. Hii ndiyo sababu watu wengi huinua gari kwa jeki, wakaona hakuna nafasi ya stendi, wakaamua kuingia chini hivyo hivyo, "ni dakika mbili tu". Mimi hutumia mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kuinua mbele kwa kiunzi kinachobeba injini, pale kati ambapo ni kinene na kama kitabu kinaruhusu, kisha stendi mbili zinakaa kwenye mishono, moja kila upande. Ya pili ni kuinua upande mmoja kwa mshono, halafu stendi ikawekwa chini ya pale ambapo kiunzi hicho kimefungwa kwenye bodi kwa bolti kubwa. Bodi ya gari hili ni ngumu kiasi kwamba ukiinua upande mmoja mbele, nyuma nayo huanza kupanda. Sampu ya mafuta, giaboksi, sakafu, tangi la petroli na bomba la moshi si pahali pa jeki hata kwa sekunde moja.

Sasa tuanze na jeki yenyewe, kwa sababu ndiyo niliyoitarajia makubwa na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Niliinunua kwa shilingi 11,500 katika duka la vipuri mjini. Ni nzito, mkono wake ni mrefu, na pampu kumi na mbili zinatosha kuondoa tairi ardhini. Kichwa chake ni sahani ya chuma yenye meno manne, na sahani hiyo haifai kabisa kwa mshono: uzito wote wa kona ya gari hukaa juu ya ukingo wa bati wenye unene wa milimita chache, ukingo hujikunja, na rangi ikishabanduka kutu huingia. Nililazimika kununua kipande cha mpira mgumu chenye mfereji katikati, ili mshono uingie ndani ya mfereji na uzito ukae kwenye mabega ya mpira. Kipande hicho ni cha bei ya chakula cha mchana, na ninashangaa kwa nini muuzaji hakukiweka ndani ya boksi la jeki ya bei hii.

Lakini kasoro kubwa haikuwa ya kichwa. Jeki ya troli hainyanyui kichwa chake wima kama jeki ya chupa. Mkono wake huzunguka kwenye egemeo, kwa hiyo kichwa hupanda huku kikichora upinde, na ili kibaki pale pale chini ya gari ni lazima jeki yenyewe itambae kwa magurudumu yake madogo. Kwenye saruji hutambaa, na hata hutaona. Huku kwetu udongo ni majivu ya volkeno ya kale, mwepesi na wa vumbi. Mji wetu ulipandishwa hadhi na kuwa jiji mwaka 2021, lakini njia ya kuingia kwangu haijapata habari hiyo. Mara ya kwanza nilipoiweka jeki hii moja kwa moja kwenye udongo, magurudumu yalizama, jeki ikashindwa kutambaa, na kwa sababu upinde haungoji mtu, kichwa ndicho kilichosogea kwenye mshono. Kiliteleza kama sentimita tatu hivi. Gari halikuanguka, kwa kuwa tairi lilikuwa limeondoka ardhini kidogo tu, lakini alama ya mkwaruzo mnaiona hapa, nami sikuipaka rangi makusudi.

Tangu siku hiyo jeki hukaa juu ya ubao wa plaiwudi wa milimita 18, wenye urefu wa mita moja ili iwe na pahali pa kutambaa, na chini ya ubao nimesawazisha udongo kwa maji na kuushindilia. Watazamaji wa Ahero na uwanda mzima wa Kano, ambako udongo mweusi hugeuka uji wakati wa mvua, ubao hautawasaidia msimu huo. Subirini kiangazi au mtafute sakafu ya saruji. Na hata lami si salama kama inavyoonekana, kwani jua la adhuhuri likiilainisha, miguu myembamba ya stendi huitoboa polepole.

Kabla ya kuinua, kuna jambo kuhusu breki ambalo wengi hulichanganya. Katika NP200 breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, na injini huendesha ya mbele. Ukiinua nyuma, breki ya mkono haina kazi tena, na linaloshikilia gari ni gia peke yake. Ukiinua gurudumu moja tu la mbele, gia nayo haishiki, kwa sababu difu, ile sehemu inayogawa nguvu ya injini kati ya magurudumu mawili, huliachia gurudumu lililo hewani lizunguke bure wakati la pili linaviringika ardhini. Kwa hiyo weka gia, vuta breki, kisha weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Na ondoa mzigo wote nyuma, hata lile gunia la viazi lililosahaulika.

Tuje kwenye stendi za meno, za shilingi 4,800 kwa jozi. Tazameni kibandiko. Kimeandikwa tani tatu kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ambazo nilihitaji miwani kuzisoma kimeandikwa kwamba uzito huo ni wa jozi. Maana yake kila stendi imekadiriwa tani moja na nusu. Kwa gari langu inatosha na kubaki, lakini mtu mwenye gari zito anaweza kudanganyika vibaya. Stendi hizi hushikwa na ulimi wa chuma unaoingia kati ya meno ya nguzo, na usalama wote umo katika jinsi ulimi unavyokaa. Mwaka 2020, kampuni ya Harbor Freight ya Marekani ililazimika kurudisha kutoka kwa wateja zaidi ya stendi milioni moja za aina hii, kwa sababu ulimi haukuwa ukikaa sawasawa kwenye meno na nguzo ingeweza kushuka ghafla. Hizi zangu si za kampuni hiyo, lakini nimezikagua kwa jicho hilo hilo: ninainua nguzo jino kwa jino, ninaibonyeza chini kwa nguvu kila mara, kisha ninachungulia kwa tochi kama ulimi umeingia hadi mwisho. Jozi hii imepita kila jino. Ninachokilaumu ni kichwa chake chenye umbo la nusu mwezi, ambacho kilibuniwa kwa ajili ya ekseli ya mviringo. Mshono ukikaa humo huegemea upande mmoja, na bila mpira wenye mfereji juu yake nisingekubali kukitumia.

Stendi za jua kali nilizipenda kwa wazo lake. Pini nene inayopita kwenye matundu haiwezi kuteleza kama ulimi, na nilimwagiza fundi aweke bamba bapa juu na bamba jingine chini ya miguu ili zisizame. Alifanya yote mawili, tena kwa uungwana. Hata hivyo nguzo alitengeneza kwa bomba la maji, na matundu aliyotoboa yamekula karibu nusu ya upana wake, kisha yako karibu mno. Nilipoipakia stendi moja uzito wa kona ya mbele, nikiwa nimesimama mbali, huku tairi likiwa limelazwa chini ya ukingo kama mlinzi, tundu la juu lilianza kuwa yai. Zimerudi kwake, naye amekubali kutengeneza nyingine kwa chuma kizito zaidi. Kwa sasa sizipendekezi. Jiwe la kujengea nalo sitaki hata kulijadili, maana jiwe la huku ni laini kiasi kwamba fundi mwashi hulichonga kwa patasi, na linapopasuka halitoi onyo.

Jaribio la mwisho lilichukua usiku mzima. Jana saa kumi na mbili jioni niliinua mbele ya gari kwa jeki hii, nikaweka stendi za meno chini ya mishono nikiacha nafasi ya vidole viwili kati ya mpira na bodi, kisha nikapiga chaki kwenye mkono wa jeki mahali ulipokuwa umefika. Sikuigusa tena. Asubuhi, kama mnavyoona kwenye picha hii, gari lilikuwa limekaa juu ya stendi zote mbili, na jeki ilikuwa legevu kiasi kwamba niliisukuma kwa mguu. Hakuna kilichovunjika. Mafuta yalipenya polepole kwenye vali au sili, ambalo ni jambo la kawaida kwa jeki ya haidroli hata ikiwa mpya, na ndiyo maana kazi yake ni kuinua na kushusha tu.

Baada ya kuteremsha gari juu ya stendi, mimi huiacha jeki ikigusa bodi bila kubeba kitu, huweka lile tairi nililolitoa chini ya ukingo, halafu huisukuma bodi kwa nyonga kutoka pande mbili. Stendi ikicheza, ninaanza upya kabla sijaingia chini.

Kwa hiyo jeki ninaibakiza, pamoja na mpira na ubao wake, na bei halisi ya kuihesabu ni shilingi 11,500 na hivyo viwili. Kushusha kwake ni kwa taratibu ukiizungusha vali robo tu. Ukizidisha, gari hushuka kama mzigo wa mahindi, basi mkono uwe mwepesi. Stendi za meno nazo zinabaki. Fundi akimaliza zile za pini nitazipakia tena kwenye kona hii hii ya mbele, na tundu la juu ndilo nitakalolipima kwanza.