Operesheni ya jasho la mikono: uzoefu wangu, na swali nililonyimwa jibu

Nilimuuliza daktari swali moja tu: "Ule mshipa wa fahamu mliukata, au mliubana kwa klipu?" Hata macho hakuyatoa kwenye simu yake. "Kwani wewe ni daktari? Si ulitaka mikono mikavu? Haya, si hiyo mikavu." Akamwambia nesi aingize mgonjwa mwingine. Na mimi nimesimama pale, baibui limenigandama mgongoni kwa jasho, kope la jicho moja limelegea, nafukuzwa kama nimekuja kuomba.

Hospitali sitaitaja. Ni hapa hapa Mombasa.

Kazi yangu ni kupaka hina na piko. Bibi harusi ananipa mkono wake, na wangu unachuruzika juu ya maua niliyokwisha kuyachora. Nimekuwa hivyo tangu utotoni, daftari zangu za shule zilirowa mpaka wino ukasambaa. Wala si joto la kaskazi, maana hata Julai kusi ikivuma mikono yangu ilikuwa maji matupu. Kwa hivyo nilipoambiwa kuna operesheni ndogo, vitundu viwili vitatu chini ya kwapa na kurudi nyumbani upesi, niliona Mungu ameitikia dua.

Na nisiwadhulumu: nilipozinduka, viganja vilikuwa vikavu, vina joto. Nililia. Mamangu alivishika akawa anavigeuzageuza haamini. Lau ningeandika wiki ile, ningewamwagia sifa zote.

Kisha jasho likahama. Mnyororo wa mishipa ya fahamu wanaouendea, ile inayoiamuru mikono itoe jasho, umepita ndani ya kifua, kando ya uti wa mgongo. Wanalitoa pafu hewa kwa muda ili wapate nafasi, wanaingiza kamera, wanaukata au kuubana usawa wa ubavu wa pili, wa tatu au wa nne. Mikono inanyamaza, na mwili unatafuta kwengine pa kutolea. Kwangu mimi ni mgongo, tumbo na mapaja. Nikivuka Likoni kwa feri mchana, nashuka dera limerowa hadi magotini, na kichwa na uso ni vikavu, vinawaka moto, halitoki hata tone! Nimeacha kukaa kwenye viti vya watu vya kitambaa. Nabeba leso mbili za kubadilisha kwenye mkoba wa kazi. Haya ni matokeo yanayojulikana kabisa, wagonjwa wengi hupata kiasi fulani, na wengine hupata kama haya yangu. Kwenye ile fomu niliyotia sahihi hapakuwa na neno lake.

Kope ndilo lililonitisha zaidi. Limeshuka, na mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko mwenziwe. Aliyenieleza ni mama mmoja daktari wa macho, tena wa kwengine kabisa. Alisema sehemu ya juu ya mnyororo huo ikijeruhiwa, jicho la upande huo hulegea, na hali hiyo huitwa dalili za Horner. Huweza kupona baada ya miezi, na huweza kubaki. Alinieleza kwa utulivu, akanichorea kwenye karatasi, na mimi si mgonjwa wake.

Sasa muone kwa nini swali langu lina uzito. Kama ni klipu, zinaweza kutolewa, na baadhi ya watu hupata nafuu, hasa zikitolewa mapema. Si hakika, lakini ni mlango. Kama mshipa umekatwa, hakuna cha kutoa. Siku zinakwenda, na karatasi niliyopewa inasema tu operesheni imefaulu, na chini yake dawa za maumivu.

Binamu yangu anayesomea sheria alinionyesha Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 8: mgonjwa aelezwe njia za matibabu zilizopo, na faida, hatari na gharama zake. Nani alinieleza? Kuna dawa ya kupaka yenye alumini kloraidi. Kuna kutumbukiza mikono kwenye maji yanayopitishwa umeme mdogo. Kuna vidonge vya oksibutinini, kuna sindano za Botox. Yote haya nimeyajua nikiwa tayari nimeshonwa.

Na bado, nikishika koni ya hina siku hizi, mstari unakwenda ninapotaka. Majuzi msichana mmoja mwenye mikono kama yangu ya zamani aliniuliza, nikamwambia aende. Jioni nikampigia nikamwambia asiende. Sasa nasema hivi: kwa daktari yule wangu, asikanyage. Ajaribu kwanza dawa zote hizo. Zikishindikana, atafute daktari atakayemjibu kabla ya sahihi: ubavu wa ngapi, klipu au kisu, na jasho likihama atamfanyia nini.

Mimi Jumatatu narudi pale kudai ripoti ya thieta, ile ya chumba cha operesheni inayoandika walichofanya. Safari hii naingia na binamu yangu, na nakala ya kile kifungu mkononi.