Takwimu za Match ya Marekani: Huduma Bora Inayosomwa Vibaya

Kila mwaka, katika wiki ya tatu ya mwezi Machi, madaktari wanaoomba mafunzo ya ubingwa nchini Marekani hujulishwa siku ya Jumatatu kama wamepata nafasi, na Ijumaa huambiwa wamepangiwa wapi. Kazi hiyo hufanywa na shirika lisilo la faida liitwalo National Resident Matching Program, kwa kifupi NRMP, ambalo mpango wake ulianza mwaka 1952. Ninayoihakiki hapa si Match yenyewe, yaani upangaji huo, bali huduma ya pili ya shirika hilo ambayo wengi hawaihesabu kuwa huduma: ripoti za takwimu zinazotolewa bure, yaani ripoti ya matokeo ya kila mwaka pamoja na juzuu za Charting Outcomes in the Match, zinazoeleza sifa za waombaji waliopata nafasi na za wale waliokosa. Maoni yangu ni kwamba ni vigumu kupata chanzo kingine cha umma kinachozikaribia kwa upana, ila jedwali linalonukuliwa kuliko yote ndilo linalomfaa mwombaji kidogo kuliko yote.

Jedwali hilo ni lile la viwango vya kupata nafasi ya mwaka wa kwanza kwa kila aina ya mwombaji. Mwaka 2024, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya MD walipata nafasi kwa asilimia 93.5, wenzao wa vyuo vya osteopathia (mkondo wa pili wa udaktari nchini Marekani), ambao huhitimu kwa shahada ya DO, kwa asilimia 92.3, raia wa Marekani waliosomea udaktari nje ya nchi hiyo kwa asilimia 67.0, na wahitimu wa nje wasio raia kwa asilimia 58.5. Takwimu hizi ni sahihi na zimepangwa kwa uwazi. Tatizo ni kwamba mtu akishaona kundi lake hudhani ameambiwa uwezekano wake mwenyewe wa kufanikiwa, ilhali swali lililojibiwa pale ni jingine.

Asilimia hizo hukokotolewa kwa waombaji waliowasilisha orodha ya mapendeleo iliyothibitishwa, yaani orodha ya programu za mafunzo wanazozitaka kwa mpangilio wa upendeleo, wala si kwa wote waliojiandikisha. Mwaka 2024 walijiandikisha watu 50,413, lakini waliofika hatua ya kuwasilisha orodha walikuwa 44,853. Zaidi ya watu elfu tano wako nje ya hesabu, na wengi wao ni wahitimu wa nje. Daktari aliyetuma maombi kwenye programu mia moja asiitwe kwenye usaili hata mmoja hana cha kuorodhesha. Akijiondoa, au akiacha tu tarehe ipite, kukosa kwake hakuonekani katika ile asilimia 58.5. Kwa hiyo kiwango hicho ni cha watu ambao tayari wamepita chujio la usaili, ambalo kwa mhitimu wa nje ndilo gumu kuliko hatua zote zinazolifuata. NRMP haifichi jambo hili. Maelezo yake yamo ndani ya ripoti. Ningependa tu idadi ya waliojiandikisha iwekwe ubavuni mwa kila asilimia, kwa herufi za ukubwa uleule.

Kuna pia suala la nini kinachohesabiwa kuwa mafanikio. Kiwango cha jumla huhesabu nafasi yoyote ya mwaka wa kwanza, zikiwemo zile za maandalizi za mwaka mmoja tu, ambazo hazimfikishi mtu kwenye ubingwa wowote. Baadhi ya fani, kama vile magonjwa ya ngozi na radiolojia, kwa kawaida huanza mafunzo yake halisi mwaka wa pili, hivyo mwombaji huhitaji nafasi mbili: ya mwaka wa maandalizi na ya fani yenyewe. Akipata ya kwanza akakosa ya pili, jedwali humhesabu miongoni mwa waliofanikiwa, ingawa itambidi aombe upya fani huku akifanya zamu za usiku wodini. Anayesoma asilimia 93.5 akiamini kwamba ni watu 93 na ushee katika kila mia walioanza safari ya ubingwa wanaoutaka, amesoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Mkanganyiko mkubwa zaidi hutokea pale watu wanapohama kutoka aina za waombaji kwenda kwenye fani. Ripoti ya mwaka hutoa kiwango cha kujaa kwa nafasi za kila fani, na wasomaji wengi hukichukulia kana kwamba ni kiwango cha waombaji kufaulu. Viwango hivi viwili mara nyingi huelekea pande tofauti. Upasuaji wa mifupa hujaza karibu nafasi zake zote kila mwaka, na kwa sababu hiyohiyo wanafunzi wa MD wanaouweka mbele hufaulu kwa takriban theluthi mbili tu, nao ni kundi lenye nguvu kuliko yote. Udaktari wa familia, kinyume chake, ulitoa nafasi 5,231 mwaka 2024, na nafasi 636 zikabaki wazi baada ya upangaji. Mwanafunzi wa MD anayeutaka hukosa kwa nadra sana. Fani iliyojaa kwa asilimia mia ni habari njema kwa wakuu wa programu na ni onyo kwa mwombaji. Ripoti ingeweza kulisema hilo kwa sentensi moja juu ya jedwali, lakini inamwachia msomaji aligundue peke yake.

Mfano unaoonyesha vizuri thamani ya ripoti hizi, na ucheleweshaji wake pia, ni tiba ya dharura. Kwa miaka mingi fani hiyo ilikuwa ikijaa bila shida. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa nguvukazi uliokadiria kwamba kufikia 2030 Marekani ingekuwa na madaktari wa dharura wapatao 7,800 zaidi ya mahitaji. Wakati huohuo programu zilikuwa zimeongezeka kwa kasi, na janga la korona lilikuwa limewachosha waliokuwa kazini. Mwaka 2022 nafasi 219 zilibaki wazi baada ya upangaji. Mwaka 2023 zikafika 554. Mwaka 2024 zikashuka hadi 135, na wengi wa walioziba pengo hilo walikuwa waombaji wa DO na wahitimu wa nje. Katika kipindi hicho hicho magonjwa ya watoto yalielekea upande wa pili: mwaka 2024 yalibakiza nafasi 252, idadi iliyowashtua hata walioifuatilia fani hiyo kwa karibu. Ripoti ya kila mwaka ilirekodi mabadiliko haya yote kwa usahihi. Juzuu za Charting Outcomes, ambazo kwa kawaida hutoka kila baada ya miaka miwili, haziwezi kwenda kwa kasi hiyo, na aliyeitegemea juzuu ya 2022 pekee kuamua kuhusu tiba ya dharura alikuwa akitazama fani iliyokwisha kubadilika. Ushauri wangu ni kuzisoma mbili hizi kwa pamoja: juzuu kwa ajili ya kujua sifa za waombaji, ripoti ya mwaka kwa ajili ya kujua hali ya soko.

Hata hivyo, juzuu hizo ndizo kiini cha huduma hii. Zimegawanywa kwa aina ya mwombaji, ya MD, ya DO na ya wahitimu wa nje, na ndani ya kila moja fani hupewa sehemu yake yenye wastani wa alama za mtihani wa Step 2 CK (mmoja wa mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani), idadi ya tafiti, kazi za kujitolea na mengineyo, waliofaulu na waliokosa wakiwekwa bega kwa bega. Tangu Januari 2022 mtihani wa Step 1 hutolewa matokeo ya kufaulu au kufeli tu, bila alama, na hivyo uzito wote wa namba umehamia kwenye Step 2 CK. Katika fani za ngozi, upasuaji wa mifupa na upasuaji rekebishi, wastani wa wanafunzi wa MD waliopata nafasi hupita 250. Katika udaktari wa familia uko chini kwa zaidi ya alama kumi. Hayo ni maarifa ambayo zamani yalipatikana kwa uvumi wa korido za hospitali, na kupatikana kwake bure kwa mtu yeyote, awe Chicago au awe katika nchi ambayo haina hata programu moja ya ubingwa, si jambo dogo.

Takwimu za utafiti ndizo ninazozisoma kwa shaka zaidi. Katika upasuaji wa ubongo na upasuaji rekebishi, juzuu ya 2022 ilionyesha wastani unaozidi kazi 20 kwa mwanafunzi mmoja aliyefaulu, na waombaji wengi walikata tamaa waliposoma hivyo. Kumbe idadi hiyo inajumlisha muhtasari wa mikutano, mawasilisho na makala zilizochapishwa, na kazi moja ikiwasilishwa katika mikutano mitatu kisha ikachapishwa huweza kuhesabiwa mara nne. Kuviweka pamoja vitu vyenye uzito tofauti namna hii ni udhaifu wa ripoti, na umechangia, kwa maoni yangu, mashindano ya kurundika kazi nyepesi ambayo hayamfaidishi mgonjwa yeyote.

Jambo jingine la kuangaliwa kwa makini ni namna fani ya mwombaji inavyotambuliwa. Kwa ripoti hizi, fani pendelevu ni ile aliyoiweka nafasi ya kwanza katika orodha yake. Mwanafunzi aliyetamani upasuaji wa mifupa kwa miaka minne, akashauriwa na chuo kwamba hatafua dafu, akaomba magonjwa ya ndani, huhesabiwa kuwa mtu wa magonjwa ya ndani aliyefaulu. Vyuo vya Marekani hufanya uchujaji huu mapema, kimyakimya, na viwango vya fani zenye ushindani huonekana vyema kuliko ambavyo vingeonekana kama kila aliyetamani angeomba.

Kwa waombaji wa DO, ripoti zinahitaji kusomwa kwa kuikumbuka historia. Kiwango chao kilipanda kutoka asilimia 77.7 mwaka 2014 hadi asilimia 92.3 mwaka 2024, na mara nyingi hilo husimuliwa kama ushindi dhidi ya ubaguzi. Sehemu ya simulizi hiyo ni kweli. Lakini hadi 2019 programu za osteopathia zilikuwa na upangaji wao tofauti, na waliopata nafasi huko waliondoka katika hesabu ya NRMP. Ithibati ilipounganishwa chini ya chombo kimoja, mchakato uliokamilika 2020, kundi linalopimwa likawa si lilelile. Tena kiwango cha jumla hakisemi DO wanaingia wapi. Katika upasuaji rekebishi, upasuaji wa ubongo na ngozi idadi yao bado ni ndogo mno, wakati katika udaktari wa familia, tiba ya dharura na magonjwa ya ndani wamejaa tele.

Kwa wahitimu wa nje tofauti hiyo ya fani ni kali zaidi. Magonjwa ya ndani ndiyo yanayowachukua wengi kuliko fani yoyote, yakifuatwa kwa umbali na udaktari wa familia, watoto, neurolojia, patholojia na magonjwa ya akili. Katika ngozi au upasuaji wa mifupa wanaoingia kwa mwaka ni wachache kiasi kwamba asilimia yoyote inayotokana nao haifai kufanyiwa hesabu za maisha. Ripoti huwatenganisha raia na wasio raia, jambo lenye maana kwa sababu ya viza, na ikumbukwe kwamba kigezo ni uraia: Mmarekani aliyesomea visiwa vya Karibi yumo kundi la raia waliosomea nje. Kundi linalosahaulika kabisa katika mazungumzo ni wahitimu wa MD wa Marekani wa miaka iliyopita, wale waliokosa mara ya kwanza wakarudi, ambao hufaulu kwa karibu nusu tu. Safu yao imo katika ripoti ya mwaka, na anayefikiria kuhatarisha mzunguko wake wa kwanza kwa fani moja ngumu bila ya pili ya akiba angeisoma kabla ya kingine chochote.

Mapungufu mengine nitayataja kwa haraka. Urolojia na magonjwa ya macho hupangiwa na mifumo mingine, hivyo mwombaji wa fani hizo hatapata anachokitafuta hapa. Hakuna takwimu zinazomwonyesha msomaji programu moja moja zinachukua watu wa namna gani.

Ukurasa ninaoupenda kuliko wote ni mchoro, katika kila sehemu ya fani, unaoonyesha uwezekano wa kupata nafasi kulingana na idadi ya programu za fani hiyo ambazo mwombaji amezipanga mfululizo kuanzia juu ya orodha yake. Mstari hupanda haraka mwanzoni kisha hulala. Kwa wanafunzi wa MD katika fani nyingi, aliyepanga programu kumi na mbili hivi yuko katika sehemu ya juu ya mstari, na zinazoongezwa baada ya hapo humsaidia kidogo tu. Hapa ndipo mwombaji anapopata jibu linalomhusu yeye, kwa kuwa urefu wa orodha ni kielelezo cha idadi ya usaili aliofanya. Kuongeza programu ambazo hazikumwita hakubadilishi chochote, wala kubadili mpangilio kwa hila hakusaidii: kanuni ya kompyuta iliyobuniwa na Alvin Roth na Elliott Peranson, inayotumika tangu upangaji wa 1998, huanzia kwenye mapendeleo ya mwombaji na haimwadhibu kwa kuitanguliza programu anayoitaka kweli. Anayepokea mialiko minne kufikia Desemba katika fani ngumu aufungue mchoro huo, atazame mstari uko wapi kwenye nne, na aamue wakati huo huo kama ataongeza fani ya pili, kwa sababu kufikia Februari, orodha zinapokaribia kufungwa, msimu wa usaili huwa umekwisha.