Mwambie dada yako anunue mashine nyingine

Nahariri video za harusi na sendofu hapa Dar. Majuzi laptopu ilikuwa nzito, nikaipeleka kwa mafundi fulani Kariakoo wakaipiga Windows upya kwa elfu 30. Ikawaka haraka, nikalipa, nikapanda mwendokasi nikarudi zangu.

Jumamosi ukumbini Sinza naonyesha kwenye projekta kipande cha siku ya mahari. Sauti inaenda, picha imeganda. Vigelegele vimepigwa mpaka vimekwisha, wakwe bado wako getini, mguu mmoja hewani. Feni inavuma mpaka MC akageuka. Baba mzazi akaja taratibu kuniuliza, "Mwanangu, imeharibika?" Sikuwa na la kumjibu.

Nikarudi Kariakoo na mdogo wangu, yeye kabeba begi tu. Fundi hata hakuniangalia. Akamgeukia mdogo wangu: "Mwambie dada yako anunue mashine nyingine, hii imechoka." Mtoto wa miaka 17! Na mimi nimesimama palepale, mashine yangu, pesa yangu, kazi yangu. Mdogo wangu akaniangalia kwa aibu kana kwamba ni yeye aliyekosa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Nyumbani nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mashine inavyofanya kazi. Video inacheza, prosesa iko asilimia 100, na grafu ya GPU, yaani chipu ya picha, haipo kabisa. Kwenye orodha ya vifaa, mahali pa chipu ya picha ya Intel pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, yaani draiva ya msingi ya Windows ya kuonyesha picha tu. Walipiga Windows wakaacha draiva ya Intel, programu inayoiwezesha Windows kuitumia chipu hiyo, tena wakazima masasisho, kwa hiyo isingejileta yenyewe. Bila draiva hiyo, chipu ya kufungulia video imo ndani lakini haitumiki, mzigo wote unabebwa na prosesa. Na video za simu siku hizi nyingi ziko kwa mfumo wa HEVC, zimebanwa sana, kuzifungua ni kazi nzito.

Nikashusha draiva kwenye tovuti ya Intel kwa bando langu, nikazima na kuwasha, kwenye mipangilio ya VLC, programu ninayochezea video, nikaacha ufunguaji wa video kwa chipu uwe otomatiki. Kipande kilekile kikateleza, feni kimya. Mafundi hao nawapa nyota moja, basi, na hiyo moja ni kwa sababu siwezi kutoa sifuri.

Ila haki niiseme ingawa roho inauma. Jana mwenzangu kaniletea faili za kamera yake mpya, HEVC ya biti 10, yaani yenye ngazi nyingi zaidi za rangi kuliko biti 8, zikakwama tena. Prosesa yangu ni Intel ya kizazi cha sita, kilichoanza kutoka 2015. Chipu yake inafungua HEVC ya biti 8 vizuri. Ya biti 10 ilikuja kukamilika kizazi cha saba. Kwa sasa nazigeuza kwanza ziwe H.264 ya biti 8, mfumo wa zamani ulio mwepesi kufungua, ndipo niende nazo ukumbini. Kwa hiyo mashine ni ya zamani kweli, fundi hakudanganya kwa hilo, na nilitaka kumwongezea nyota ya pili.

Lakini alijuaje? Hakuuliza faili ni za aina gani. Zile za mahari zilikuwa za simu, biti 8, na mashine hiihii aliyoiita imechoka inazifungua zote. Kilichokosekana ni draiva, kazi niliyomlipa yeye. Nyota ya pili sitoi. Begi lilikuwa mezani pake, hakufungua hata zipu.