Foklifti ya umeme au ya dizeli: uzoefu wangu ghalani

Nimeendesha foklifti (gari dogo la kuinua mizigo kwa uma) ya dizeli miaka sita kabla ya kukabidhiwa ya umeme, zote za kuinua tani 2.5. Kwa kazi ya ndani ya ghala, sitaki tena kurudi kwenye dizeli.

Sababu ya kwanza ni kifua changu. Zamani nikitoka zamu, kitambaa nilichopangusia pua kilikuwa cheusi na kichwa kinagonga. Wapo wanaosema basi chukua ya gesi, haina moshi mweusi. Kweli hauonekani, lakini bado inatoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Ya umeme haitoi moshi kabisa, na ni kimya. Kimya hicho nacho kina hatari yake: mtu aliye nyuma ya rafu hakusikii ukija, kwa hiyo napiga honi kila kona.

Shida yetu yote ilikuwa betri. Ni ya risasi na asidi, volti 48, na muuzaji hakutueleza kwamba inataka takriban saa 8 za kazi, 8 za chaji na 8 za kupoa. Sisi tulikuwa tunaichomeka kidogo kidogo kila mapumziko. Haukupita mwaka, ikifika alasiri mzigo unapanda kwa kujikongoja. Tena usiku mmoja kijana wa zamu aliijaza maji kabla ya kuchaji. Maji ya betri hupanda yakipata chaji, na asubuhi tulikuta asidi imefurika, saruji chini yake imelika. Siku hizi kabla ya chaji tunahakikisha tu sahani za risasi zilizo ndani ya betri zimefunikwa na maji, tunaongeza maji yaliyosafishwa chaji ikishajaa, na madirisha yanabaki wazi kwa sababu betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Nje ni habari nyingine. Uwanja wa kokoto, mvua, mwinuko mkali, zamu mbili mfululizo: hapo dizeli, unajaza tangi dakika chache unaendelea.

Kama ghala lenu lina zamu zaidi ya moja na mnataka umeme, ulizieni betri ya lithiamu. Ni ghali zaidi kununua, lakini haina habari ya maji, na ile tabia yetu ya kuchomeka wakati wa mapumziko, iliyoua betri yetu, kwake ndiyo matumizi ya kawaida.